Jinsi ya kuuza gitaa la umeme la zamani lililowahi kufanyiwa matengenezo

Magitaa ya zamani yana masoko mawili. Lipo soko la wakusanyaji, wanaotaka kila skrubu iwe ileile iliyofungwa kiwandani, na lipo soko la wapigaji, wanaotaka kulichomeka gitaa na kulipiga. Gitaa likishapita mikononi mwa fundi, mara nyingi huhama soko la kwanza na kuingia la pili. Wauzaji wengi hupata taabu kwa sababu hawakubali uhamisho huo. Wanaweka bei ya mkusanyaji, wananyamaza kuhusu gundi, kisha wanashangaa tangazo linazeeka bila simu hata moja. Mwongozo huu ni wa anayekubali kumuuzia mpigaji na kumwonyesha waziwazi kila kilichofanywa.

Hatua ya 1: Thibitisha ni gitaa gani, na la mwaka gani

Usiitegemee namba ya mfululizo peke yake. Kwa magitaa ya kampuni ya Fender, kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1976, namba hiyo iligongwa kwenye bamba la chuma lililoko nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Kiwandani mabamba hayakufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba, na bamba lenyewe linashikwa na skrubu tatu au nne tu, kwa hiyo yeyote mwenye bisibisi anaweza kulibadilisha. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, nao walizirudia namba zilezile katika miaka tofauti ya 1960. Ni kuanzia 1977 ndipo walipoanza kutumia tarakimu nane zinazosomeka vizuri: ya kwanza na ya tano zinataja mwaka, na ya pili hadi ya nne zinataja siku ya mwaka huo.

Ushahidi mzuri zaidi umo ndani. Fungua kifuniko cha nyaya uangalie migongo ya potensiometa, vile vifaa vinavyozungushwa na nobu za sauti. Nyingi zina msimbo uliogongwa kwenye chuma. Ukisoma 137 6612, maana yake kimetengenezwa na kampuni ya CTS (137), mwaka 1966, wiki ya 12. Ukiona 304 mwanzoni, hiyo ni kampuni ya Stackpole. Msimbo huu unakuambia gitaa halikutoka kiwandani kabla ya tarehe hiyo. Haukuambii lilitoka lini hasa. Magitaa mengi ya Fender ya mwisho wa miaka ya 1960 yana potensiometa za 1966. Tazama pia lehemu: ile ya kiwandani huwa imefifia kwa umri, na kiungo kinachong'aa katikati ya vilivyofifia ni dalili kwamba mkono mwingine umepita hapo. Katika hali hiyo tarehe unayoisoma huenda ni ya kipuri, wala haihusu gitaa lenyewe.

Fender wengi pia wana tarehe kwenye kisigino cha shingo, kwa penseli au kwa muhuri. Ili kuiona lazima shingo ifunguliwe. Kama hujawahi kufanya hivyo, mwachie fundi, na umwombe apige picha.

Tarehe zina uzito kwa sababu soko linazihesabu. Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965, na wanunuzi hulipa zaidi kwa gitaa la kabla ya hapo. Kwa Gibson, 1957 ndio mwaka pikapu za humbucker, zenye koili mbili, zilipoanza kufungwa kwenye magitaa yao (pikapu ni sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi), na zile za mwanzo zinatafutwa mno. Basi usiandike "kabla ya CBS" wala "pikapu za mwanzo" kama huna picha ya kuthibitisha. Mnunuzi anayejua atakuuliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Hatua ya 2: Andika kila kilichotengenezwa, na ukipange

Hapa ndipo biashara yote ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Chukua karatasi uorodheshe kila kilichoguswa, kisha ukigawe katika mafungu matatu, kwa sababu mnunuzi naye atakigawa hivyohivyo kichwani mwake.

Fungu la kwanza ni uchakavu wa kawaida. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye shingo, huliwa na nyuzi, na kidaraja cha juu kinachopokea nyuzi karibu na kichwa huchimbika. Kubadilisha freti za gitaa lililopigwa kwa miongo kadhaa ni kama kubadilisha matairi ya gari: hakuna anayekulaumu. Kwa mpigaji, freti mpya zilizofungwa vizuri ni sifa. Anachotaka kujua ni kama ubao wa freti ulipigwa msasa wakati wa kazi hiyo, na kwa kiasi gani, hasa kwenye shingo za Fender za mbao ya mepo (maple) ambazo ubao wake una vanishi. Msasa ukizidi, ule weusi wa vidole uliojengeka kwa miaka huondoka pamoja na vanishi, na hairudi.

Fungu la pili ni vile vinavyoweza kurudishwa. Potensiometa, swichi, tundu la waya, vigingi vya kukazia nyuzi, daraja: vyote hivi vikibadilishwa bila kutoboa tundu jipya, gitaa linaweza kurejeshwa lilivyokuwa. Sharti moja tu, vipuri vya zamani viwepo. Vitie kwenye mfuko, uandike kila kimoja kilitoka wapi, hata kama kimekufa. Potensiometa mbovu yenye msimbo wa 1966 haifai kitu kwenye gitaa, lakini ndani ya mfuko huo ni cheti cha kuzaliwa. Kama kazi bado iko kwa fundi, mpigie leo umwambie asitupe chochote. Mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, hufagia vipuri vibovu pamoja na vumbi la msasa.

Pikapu iliyosukwa upya inasimama katikati. Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele. Ukikatika, pikapu hunyamaza, na dawa yake ni kuisuka upya. Koili ya kwanza haitarudi tena, ila sumaku, fremu na bamba la chini vinaweza kuwa vilevile. Andika hivyo: kipi cha asili, kipi kipya.

Fungu la tatu ni yasiyorudishika: mwili uliopakwa rangi upya, mbao iliyochongwa (Stratocaster nyingi, gitaa la Fender, zilichimbwa ili kuingiza humbucker), tundu la kigingi lililopanuliwa, na kichwa kilichovunjika.

Hili la mwisho linastahili maneno zaidi, maana ndilo linalowatisha watu kuliko inavyopaswa. Shingo za Gibson kwa kawaida ni za mahogani, na kichwa kimelazwa nyuma kwa pembe ya takriban digrii 17. Papo hapo nyuma ya kidaraja cha juu pamechimbwa tundu la kufikia chuma cha kunyooshea shingo. Kwa hiyo mbao ni nyembamba zaidi mahali penye mvuto mkubwa zaidi, na gitaa likianguka chali, hata likiwa ndani ya kasha lake, linaweza kukatika hapo. Mvunjiko mrefu unaofuata nyuzinyuzi za mbao, ukiungwa ungali safi kwa gundi nzuri na vibano vya kutosha, hushika kwa miaka mingi. Unaotia wasiwasi ni ule ulioungwa mara mbili, uliopigwa skrubu, au ulioachiwa gundi ya zamani ikiwa imekauka ndani, kwa sababu gundi mpya haishikamani vizuri na gundi kavu. Eleza ulikuwa wa namna gani, uliungwa lini, gundi gani ilitumika, kama vipande vya mbao viliongezwa kuimarisha, na kama rangi ilipuliziwa juu kuficha mstari. Picha zilizopigwa kabla gundi haijatiwa ndizo zinazomtuliza mnunuzi kuliko maneno yako yote.

Kisha zima taa za chumbani, uwashe taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagulia noti bandia. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi kwa kawaida hutoa mng'ao wa kijani-njano, kama maziwa yaliyochanganywa na ndimu. Mahali palipoguswa baadaye huonekana kama doa lenye giza au rangi tofauti. Pitisha taa nyuma ya shingo, kwenye kichwa, na kuzunguka pikapu. Wanunuzi wazoefu huja na taa hii mfukoni, na ni afadhali wewe ndiye uwe wa kwanza kuona. Ukikuta doa usilolijua, liingize kwenye orodha kwa maneno rahisi: "Lilikuja kwangu likiwa hivi, sijui lilifanywa lini."

Hatua ya 3: Lipime, lisafishe kidogo, kisha liache

Gitaa la mpigaji lazima lipigike. Weka nyuzi mpya, litunie, hakikisha shingo imenyooka na kila freti inatoa sauti bila kukwaruza. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha kila nobu polepole, bonyeza swichi kila upande. Nobu ikikwaruza, mara nyingi inatosha kupuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na kuizungusha mara kadhaa. Usikimbilie kubadilisha.

Pikapu zipime kwa multimita. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua nobu zote mpaka mwisho, chagua pikapu moja, kisha gusa ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu ya Stratocaster ya zamani husoma takriban kilo-ohm 5.5 hadi 6.5, humbucker ya zamani ya Gibson takriban 7 hadi 9. Kwa kuwa unapima kupitia potensiometa, namba itakuwa chini kidogo ya ile ya pikapu yenyewe. Kipimo kikisoma karibu kilo-ohm 250 au 500, usifurahi: hapo unapima potensiometa peke yake, na koili imekatika. Andika namba za kila pikapu. Zitaingia kwenye tangazo.

Kusafisha kuwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu. Spiriti hulainisha nitroselulosi na kuiharibu. Using'arishe chuma kilichopauka wala usijaze nyufa ndogondogo za vanishi. Uzee wa gitaa la zamani ni sehemu ya bidhaa. Na usilitundike wala kulisimamisha kwenye kishikio cha mpira usichokijua, maana baadhi ya mipira na plastiki laini huyeyusha nitroselulosi na kuacha alama isiyofutika. Magitaa ya Fender yalianza kupakwa polyester kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, na hayo hayana tatizo hili.

Halafu simama. Kila kipuri kipya unachoongeza ili gitaa "lipendeze" kinapunguza sababu ya mtu kununua gitaa la zamani badala ya jipya.

Hatua ya 4: Panga bei

Tafuta magitaa ya aina na mwaka uleule yaliyokwisha kuuzwa. Bei zinazoombwa kwenye matangazo ni matumaini ya watu. Zilizolipwa ndizo soko. Masoko mengi ya mtandaoni yanakuruhusu kuchuja mauzo yaliyokamilika.

Anza na bei ya gitaa zima la asili, kisha ushuke. Kwa desturi ya soko, kichwa kilichovunjika na kuungwa vizuri hukata karibu nusu ya bei, na mwili uliopakwa rangi upya vilevile. Lenye yote mawili halishuki hadi sufuri, lakini usitarajie zaidi ya theluthi. Freti mpya hazikati kitu kikubwa. Vipuri vilivyobadilishwa hukata kidogo kama vya asili vimo mfukoni, na zaidi kama vimepotea. Kasha la asili huongeza, hata likiwa limechakaa.

Ulichomlipa fundi usikijumlishe juu. Kazi yake imekutoa kwenye gitaa lililovunjika na kukufikisha kwenye gitaa linalouzika. Faida yake umeshaipata hapo. Ukianza mazungumzo kwa "nimetumia hela nyingi kulitengeneza", mnunuzi atasikia kwamba lilikuwa na matatizo mengi.

Acha nafasi ya kupatana, lakini ndogo. Bei iliyopandishwa mno humfukuza anayejua na kumvuta asiyejua, na asiyejua ndiye atakayerudi kudai fedha zake baada ya rafiki yake kuona mstari wa gundi.

Hatua ya 5: Picha na tangazo

Piga picha kwa mwanga wa mchana wa kivulini. Mbele nzima, nyuma nzima, kichwa pande zote mbili, namba ya mfululizo, freti kwa karibu, nyaya za ndani, misimbo ya potensiometa, mfuko wa vipuri, kasha likiwa wazi. Palipoungwa panahitaji picha tatu angalau: kwa mbali, kwa karibu, na chini ya taa ya urujuanimno. Usiziweke mwishoni. Ikiwa picha ya tatu au ya nne ni ya mvunjiko, mnunuzi anaamini zote zinazofuata.

Tangazo liwe fupi na la kutaja vitu. Kwa mfano:

"Gibson SG Standard. Potensiometa tatu kati ya nne ni za asili, zina msimbo wa 1966. Ya nne imebadilishwa, ya zamani ipo. Kichwa kilivunjika nyuma ya kidaraja cha juu, kikaungwa mara moja kwa gundi ya mbao. Hakuna skrubu, hakuna rangi iliyopuliziwa, mstari unaonekana (picha ya 4, 5 na 6). Freti mpya, ubao haukupigwa msasa. Pikapu zote mbili ni za asili, zinasoma 7.4 na 7.6. Vigingi vya asili. Kasha si la asili. Linakaa kwenye tuni. Njoo ulipige kabla hujaamua."

Hakuna "adimu", hakuna "sauti ya kimalaika". Neno "la asili" nalo lichunge: kama kipande kimoja kimebadilishwa, huwezi kuandika "la asili kabisa" kisha ufafanue chini. Taja kipande kwa kipande.

Hatua ya 6: Utamuuzia nani, na kwa njia gani

Duka la magitaa ya zamani litakulipa haraka na kidogo, kwa kuwa nalo lazima liuze kwa faida. Baadhi yao hukubali kuliuza kwa niaba yako kwa kamisheni. Hapo dai hati inayotaja bei ya chini kabisa, kiwango cha kamisheni, na nani anabeba hasara gitaa likiharibika likiwa dukani. Mnada unafaa gitaa la mkusanyaji, na kwa lililoungwa mara nyingi haufai. Kwa gitaa la namna hii mimi ningependelea mpigaji wa kukutana naye ana kwa ana, kwa sababu hofu ya kichwa kilichoungwa huisha mtu akilishika, akavuta nyuzi, akaona tuni haitetereki.

Mkutane mahali penye watu na penye umeme. Mpe gitaa na ukae kimya. Mwache alikague, afungue kifuniko, awashe taa yake. Akitaja kasoro uliyokwisha kuiandika, mwonyeshe ilipo kwenye tangazo, bei ilishaihesabu. Akipata usiyoiandika, punguza bei kidogo bila kubishana.

Kwa wanaonunua kwa mbali, jihadhari na huyu: hana swali hata moja kuhusu gitaa, anataka kulipa zaidi ya bei, kisha anakuomba umrudishie ziada au umlipe "msafirishaji wake". Hayo malipo ya kwanza hayatadumu. Usiutegemee ujumbe wa simu wala picha ya risiti. Fungua akaunti yako mwenyewe uone fedha zimeingia, na uulize benki kama malipo hayo yanaweza kurudishwa.

Mkikubaliana, andikeni hati ya mauzo nakala mbili: majina, tarehe, bei, namba ya mfululizo, na orodha yote ya matengenezo kama ilivyo kwenye karatasi yako ya hatua ya 2. Wote mtie sahihi. Orodha hiyo inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye.

Hatua ya 7: Mpaka na safari

Gitaa likivuka mpaka wa nchi, mbao inakuwa suala la sheria. Magitaa mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana ubao wa freti wa Dalbergia nigra, mti wa Brazil wa jamii moja na mpingo. Tangu 1992 mti huo umo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na gitaa lenye kipande chake halivuki mpaka bila kibali, hata kama lilitengenezwa kabla ya mkataba kuwapo. Miti mingine mingi ya Dalbergia iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zenye mbao hizo zimesamehewa. Msamaha huo haumhusu nigra. Pembe ya ndovu na gamba la kasa zina masharti makali pia, basi kagua kidaraja cha juu na mapambo. Kama una shaka, uza ndani ya nchi.

Kufunga mzigo si jambo la dakika tano, hasa wenye kichwa kilichoungwa. Legeza nyuzi hatua moja au mbili za sauti, usizitoe zote. Tia kadibodi nyembamba kati ya nyuzi na freti. Ndani ya kasha, jaza karatasi au taulo chini ya shingo na pande zote za kichwa mpaka kisicheze hata kidogo, lakini kichwa chenyewe kisibane dhidi ya ukuta wa kasha. Kasha liingie kwenye boksi, na boksi lizungukwe na vijazio kila upande. Mfuko wa vipuri vya zamani uwe na kifurushi chake. Ukilegea ndani ya kasha utakwangua rangi njia nzima. Piga picha kila hatua, na ukate bima kwa bei kamili ya mauzo, ukiwa umesoma kama bima hiyo inakubali ala zilizowahi kufanyiwa matengenezo.

Mwambie mnunuzi boksi likifika alipige picha nje kabla ya kulifungua, kisha aliache chumbani bila kulifungua kwa siku nzima. Nitroselulosi iliyotoka kwenye baridi ikikutana ghafla na joto hupasuka, na nyufa hizo huenda bima isizilipe. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ana siku ngapi za kulikagua na nani atalipia nauli ya kurudi.